UZI: SJS, TEN na erithema multifome: majina yalivyochanganywa na namna ya kuyatenganisha

Kibatari

Wakuu, heshima mbele. Kuna ugonjwa wa ngozi unaoletwa na dawa ambao umepewa majina na kunyang'anywa kwa zaidi ya miaka 100, na majina ya zamani bado yanatembea kwenye mafaili ya wagonjwa. Ni sindromu ya Stevens-Johnson (SJS) na ndugu yake mkubwa, nekrolisisi ya epidemi (TEN). Ngozi ya juu inakufa na kubanduka, mdomo unageuka vidonda vitupu, kope zinagandana. Naanzisha uzi kwa sababu anayekosea jina hapa hukosea na tiba. Akiuita erithema multifome, ugonjwa mwingine wa madoa ambao zaidi huletwa na virusi, atahangaika na virusi, na kidonge kilichozua balaa kitaendelea kumezwa.

Historia kwa kifupi. Mwaka 1866 Ferdinand von Hebra wa Vienna alieleza erithema multifome: madoa ya duara ndani ya duara, zaidi kwenye mikono na miguu, yanayopona yenyewe na mara nyingi kurudi. Ni ugonjwa mpole. Mwaka 1922, New York, Albert Stevens na Frank Johnson wakaandika juu ya wavulana wawili, wa miaka 7 na 8, wenye homa, vipele mwili mzima, kinywa kilichochubuka na macho yanayotoa usaha. Waliona ni homa mpya ya vipele, hawakuihusisha na dawa. Mwaka 1939 Wafaransa Debré, Lamy na Lamotte walieleza mgonjwa mwekundu mwili mzima ambaye ngozi yake ilikuwa ikibanduka. Mwaka 1956 Alan Lyell wa Aberdeen, Uskoti, akaipa hali hiyo jina la TEN.

Katikati hapo, mwaka 1950, Bernard Thomas aliweka ugonjwa wa von Hebra na ule wa Stevens na Johnson kwenye kapu moja: akauita wa kwanza erithema multifome ndogo na wa pili erithema multifome kubwa. Kwa miaka 40 na ushee madaktari walifundishwa kwamba SJS ni erithema multifome iliyozidi. Sivyo.

Tabibu wa Ngozi

Mkuu, umefungua vizuri. Naomba nikae kidogo kwa Lyell.

Aliwaeleza wagonjwa 4 ambao ngozi zao zilifanana na za watu waliomwagikiwa maji ya moto. Neno "nekrolisisi" alilibuni kwa kuunganisha nekrosisi, yaani kufa kwa tishu, na epidemolisisi, yaani kubanduka kwa ngozi ya juu. Akatanguliza neno "sumu" kwa kuwa aliamini kuna sumu inayozunguka mwilini.

Baadaye ikabainika kwamba mmoja wa wale 4 hakuwa na TEN kabisa. Ngozi yake ilibanduliwa na sumu ya bakteria wa stafilokoko, ugonjwa ambao Ritter von Rittershain aliuona kwa watoto wachanga huko Prague tangu 1878. Mwaka 1970 Melish na Glasgow waliwapa vichanga vya panya bakteria hao, ngozi zao zikabanduka vilevile, na ubishi ukaisha. Kwa hiyo maandishi ya kabla ya 1970 yanayosema "TEN kwa mtoto" yasomwe kwa tahadhari: mengi yanaweza kuwa ni stafilokoko.

Kuwatenganisha hawa wawili ni kuangalia ngozi imepasuka kwenye kina gani. Stafilokoko hupasua juu sana, ndani ya epidemi (ngozi ya juu) yenyewe, kwenye tabaka la chembechembe. Kinachobanduka ni utando mwembamba, kinywa hakichubuki, na antibiotiki sahihi inamponyesha mtoto bila kovu. TEN huua epidemi yote kuanzia juu hadi chini na kuitenga na demi, yaani ngozi ya ndani. Huna haja ya kusubiri majibu ya siku 5: chukua paa la lengelenge au ngozi iliyojiviringisha yenyewe, igandishwe na kukatwa siku hiyohiyo. Chini ya hadubini ukiona tabaka la juu tu, ni stafilokoko. Ukiona epidemi nzima imekufa, ni TEN.

Na tuache kutegemea dalili ya Nikolsky peke yake. Unaweka kidole kwenye ngozi inayoonekana nzima karibu na doa, unasukuma kwa pembeni, na ngozi inateleza na kukunjamana kama karatasi iliyolowa. Pyotr Nikolsky aliieleza kwa pemfigasi, ugonjwa wa malengelenge unaotokana na kinga ya mwili. Hutokea kwenye pemfigasi, kwenye stafilokoko na kwenye TEN. Inakwambia ngozi haishiki. Kwa nini haishiki, haikwambii.

Mwanafunzi wa Zamu

Shikamoo daktari. Swali: kama SJS na TEN ni ugonjwa mmoja, mpaka unawekwa wapi? Na erithema multifome inatokaje humo?

Tabibu wa Ngozi

Marahaba. Mpaka uliwekwa mwaka 1993 na kundi la kimataifa, Bastuji-Garin akiwa mwandishi wa kwanza. Waliangalia vitu viwili tu: umbo la doa na asilimia ya mwili iliyobanduka.

Doa la erithema multifome lina kanda tatu: katikati peusi au pana lengelenge, kisha duara lililovimba na kupauka, kisha duara jekundu la nje. Halizidi sentimita 3, limeinuka, ukipitisha kidole unalihisi, na hupenda mikono na miguu. Doa la SJS na TEN ni bapa, lina kanda mbili au halina kanda kabisa, mipaka yake haieleweki, rangi yake ya damu iliyovilia, na huanzia kifuani na usoni.

Asilimia ni hivi. Chini ya 10% ni SJS. Kati ya 10% na 30% ni mwingiliano wa SJS na TEN. Zaidi ya 30% ni TEN yenye madoa. Kuna na umbo adimu, TEN isiyo na madoa, ambapo ngozi hubanduka mapande makubwa bila doa lolote kutangulia. Hiyo huitwa TEN ikishavuka 10%. Erithema multifome yenye malengelenge nayo huwa chini ya 10%, ila ina yale madoa ya kanda tatu. Ndiyo maana asilimia bila umbo la doa inapotosha.

Utafiti uliofuata, uliotolewa 2002, uliwapanga wagonjwa kwa mpango huu na kuona visababishi vinatengana: erithema multifome kubwa ilielekea kwa virusi vya hepesi, na SJS na TEN zikaelekea kwa dawa.

Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu. Doa huonekana zambarau iliyokolea au jeusi kuliko ngozi inayolizunguka, na mara nyingi mgonjwa analalamika kwamba ngozi inauma akiguswa kabla hujaona chochote. Maumivu hayo, pamoja na homa na macho yanayowasha, yapewe uzito.

Nesi wa Usiku

Nakazia hapo kwenye asilimia, maana ndipo makosa yanapofanyika kila mara. Watu wanahesabu wekundu. Kinachohesabiwa ni ngozi iliyokwisha kubanduka NA ile inayobandukika ukiisukuma. Wekundu unaoshika hauhesabiwi.

Mfano. Mgonjwa ana madoa 60% ya mwili. Mgongo wote, mabega hadi makalio, ni 18%, na nusu yake imebanduka: 9%. Kifuani kuna mapande yanayolingana na viganja vyake 4: 4%. Mapajani kuna sehemu za viganja 3 ambazo bado zipo lakini zinateleza zikisukumwa: 3%. Jumla 16%. Huu ni mwingiliano. Aliyehesabu wekundu ameandika TEN 60%, na aliyehesabu vidonda vilivyo wazi tu ameandika 13%.

Kiganja ni cha mgonjwa mwenyewe, vidole vikiwemo, karibu 1%. Usitumie chako kwa mtoto. Na kanuni ya 9, ile ya kugawa mwili kwa mafungu ya 9%, haifai kwa watoto wadogo kwa kuwa kichwa chao ni kikubwa kulinganisha na miguu. Tumia chati ya Lund na Browder, inayogawa mwili kwa kufuata umri. Hesabu irudiwe kila siku, kwa sababu ngozi inaendelea kubanduka kwa siku kadhaa, na jina la mwisho linatokana na kiwango cha juu kabisa kilichofikiwa. Mtu anaweza kulazwa na SJS Jumatatu, Alhamisi akawa na TEN.

Dawa na Dozi

Tuje kwenye dawa zenyewe. Orodha ya hatari kubwa ni fupi kuliko watu wanavyodhani: kotrimoksazoli na sulfa nyingine za antibiotiki, alopurinoli ya jongo, karbamazepini, fenitoini, fenobabito na lamotrijini za kifafa, nevirapini ya VVU, sulfasalazini, na dawa za maumivu za jamii ya oksikamu kama piroksikamu na meloksikamu.

Kumtafuta mhusika kuna utaratibu. Kwanza tafuta siku ya dalili ya kwanza. Siyo siku ya lengelenge: ni siku ya homa, koo kuuma au macho kuwasha. Hiyo ni siku sifuri. Kisha rudi nyuma. Dawa iliyoanzwa siku 4 hadi 28 kabla ndiyo mshukiwa mkuu. Hadi wiki 8 bado ipo kwenye mzani. Dawa iliyotumika miaka 3 bila kukatizwa karibu kila mara haina hatia.

Kosa la kawaida ni hili: mgonjwa anapata homa na koo, anameza parasetamoli na amoksilini, kesho yake vipele vinatoka, lawama zinaangukia hizo mbili. Lakini ile homa ndiyo ilikuwa ugonjwa unaanza. Mhusika ni alopurinoli aliyoanzishwa wiki 3 zilizopita na ambayo hakuna aliyeiuliza. Anaachishwa parasetamoli, anaendelea kupewa alopurinoli. Hili linaua.

Tangu 2010 kuna kipimo kinaitwa ALDEN kinachopanga kazi hii kwa alama. Dawa iliyoanzwa siku 5 hadi 28 kabla hupata +3, siku 29 hadi 56 +2, siku 1 hadi 4 +1, zaidi ya 56 hupata -1, na iliyoanzwa siku sifuri au baada yake hupata -3. Kisha unaongeza au kupunguza kwa kuangalia kama dawa ilikuwa bado mwilini siku hiyo, kama mgonjwa aliwahi kuitumia na kilitokea nini, sifa ya dawa yenyewe, na kama kuna mshukiwa mwingine mwenye alama kubwa. Ikifika 6 na kuendelea, inahusika kwa uwezekano mkubwa sana. Chini ya 0, iache.

Kuacha dawa mapema kuna faida inayopimika: utafiti wa mwaka 2000 ulionyesha hatari ya kifo inapungua karibu 30% kwa kila siku dawa inapoachwa mapema. Ila hilo lilionekana kwa dawa zinazotoka mwilini haraka. Kwa zinazokaa muda mrefu faida hiyo haikuonekana.

Kibatari

Hapo kwenye dawa za kukaa mwilini umenikumbusha ukurasa mchungu wa historia. Sulfadoksini yenye pirimethamini, yaani Fansidar, ilimezwa na wasafiri wa Marekani kila wiki kama kinga ya malaria. Sulfadoksini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Vifo vya SJS na TEN vilipohesabiwa, mwaka 1985 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ikabadili mwongozo wake, na hesabu iliyochapishwa baadaye ilikuwa kifo 1 kwa kila watumiaji 11,000 hadi 25,000. Kwa mtu mzima wa afya anayejikinga tu, hiyo ni bei kubwa mno.

Ukurasa wa pili ni thiasetazoni ya kifua kikuu. Ilikuwa rahisi na ilitumika nchi nyingi za Afrika. VVU ilipoingia, wagonjwa wakaanza kubanduka ngozi. Utafiti wa Nairobi uliochapishwa 1991 ulionyesha wazi kwamba wenye VVU ndio walioathirika zaidi, na Shirika la Afya Duniani likashauri wasipewe. Hadi leo mwenye VVU ana hatari kubwa mara nyingi zaidi ya mtu mwingine, hasa akikutana na sulfa au nevirapini.

Mwanajeni

Naongezea upande wa jeni, maana hapa ndipo ugonjwa huu ulipoacha kuwa bahati mbaya tupu. Mwaka 2004 watafiti wa Taiwan walionyesha kwamba Wachina wa Han waliopata SJS kwa karbamazepini karibu wote walibeba HLA-B*15:02, aina mojawapo ya jeni za HLA zinazosaidia kinga kutambua adui. Mwaka 2007 mamlaka ya dawa ya Marekani ikataka wenye asili ya Asia wapimwe kabla ya kuanza dawa hiyo. Mwaka 2005 HLA-B*58:01 ikahusishwa na alopurinoli. Huko Malawi, HLA-C*04:01 ilihusishwa na SJS na TEN za nevirapini.

Tahadhari: HLA-B*15:02 ni adimu sana kwa Waafrika na Wazungu. Kipimo kikitoka "hana" kwa mtu wa asili hizo, hakijamhakikishia usalama wa karbamazepini. Pia HLA-B*57:01 ya abakaviri ni ya ugonjwa mwingine, mzio mkali wa mwili mzima ambao si SJS. Zisichanganywe.

Kinachotokea ndani: dawa hukaa kwenye mkono wa HLA, chembe T za kinga zinaiona kama adui, zinamwaga granulisini (protini ya kuua seli), na seli za ngozi zinakufa. Granulisini ilitambuliwa kuwa muuaji mkuu mwaka 2008, ikiwa nyingi mno ndani ya maji ya malengelenge. Kwa hiyo ile "sumu" ya Lyell haikuwepo kama alivyoiwaza. Wauaji ni askari wa mwili wenyewe.

Mwanafunzi wa Zamu

Na kupanga ukali? Nasikia SCORTEN lakini kila mtu anaitaja tofauti.

Tabibu wa Ngozi

Ni kipimo cha kukadiria uwezekano wa kifo, cha mwaka 2000. Vigezo 7, kila kimoja alama 1: umri zaidi ya miaka 40; saratani; mapigo ya moyo zaidi ya 120 kwa dakika; ngozi iliyobanduka zaidi ya 10% siku ya kwanza; urea zaidi ya mmol 10 kwa lita; glukosi zaidi ya mmol 14 kwa lita; bikaboneti chini ya mmol 20 kwa lita. Alama 0 hadi 1, vifo karibu 3%. Alama 2, 12%. Alama 3, 35%. Alama 4, 58%. Alama 5 na zaidi, 90%.

Hufanywa ndani ya saa 24 za kulazwa na kurudiwa siku ya 3. Angalia kitu kimoja: kipimo hiki hakiulizi dawa iliachwa lini, wala hali ya macho. Mwenye alama 1 anaweza kupona na kubaki kipofu.

Nesi wa Usiku

Kwa uangalizi, wengi wanakimbilia kanuni za majeraha ya moto. Zifuate kwa chumba na usafi: joto la chumba nyuzi 25 hadi 28, shuka safi zisizonata, mgonjwa asiburuzwe kitandani maana ngozi inabaki kwenye shuka. Ila kwenye maji usizifuate. Kanuni ya Parkland ya kukadiria maji ya aliyeungua, mililita 4, inamzamisha mgonjwa, kwa sababu mishipa ya TEN haivuji kama ya aliyeungua. Mililita 2 kwa kilo kwa kila asilimia iliyobanduka ni mwanzo wa kutosha, kisha mkojo ndio unaoongoza: mililita 0.5 hadi 1 kwa kilo kwa saa. Ukiona mapafu yanalia, umepitiliza.

Kosa baya kuliko yote: kumpaka sulfadiazini ya fedha mgonjwa aliyebandukwa ngozi na sulfa. Krimu hiyo NI sulfa. Na antibiotiki za kinga zisitolewe bila dalili ya maambukizi: kila dawa ya ziada inachafua orodha ya washukiwa.

Dawa na Dozi

Kuhusu tiba ya kuzima kinga, hakuna iliyoshinda waziwazi. Siklosporini, mililigramu 3 kwa kilo kwa siku, na etanasepti ndizo zenye matumaini kwa sasa. Steroidi bado zinabishaniwa. Kilichothibitika ni kwamba thalidomaidi inadhuru: jaribio lililochapishwa 1998 lilisimamishwa baada ya wagonjwa 10 kati ya 12 kufariki, huku kwa wasioipata wakifariki 3 kati ya 10. Mwaka 2024 ilichapishwa taarifa ya wagonjwa 7 waliopewa vizuizi vya JAK (dawa za kutuliza kinga), wote wakapona. Ni wachache, lakini inafuatiliwa.

Kinga iko kwenye dozi. Lamotrijini huanzwa mg 25 kwa siku, wiki 2, kisha mg 50 wiki 2. Kama mgonjwa anatumia valproati, huanzwa mg 25 siku moja ndani, siku moja nje, kwa sababu valproati inazuia ini kuitoa. Anayeanzishwa mg 100 siku ya kwanza amewekwa hatarini kwa makusudi. Nevirapini ni mg 200 mara moja kwa siku kwa siku 14 kabla ya kufika mara mbili, na aliyekatiza zaidi ya siku 7 huanza upya.

Kibatari

Kabla hatujafika kwenye kadi ya tahadhari anayopewa mgonjwa akiruhusiwa: kwa watoto na vijana wenye kikohozi, vidonda vikubwa mdomoni na machoni lakini ngozi karibu salama, fikirieni bakteria wa mikoplazma. Tangu 2015 hali hiyo imetengwa na SJS na kupewa jina lake, na matokeo yake kwa kawaida ni mazuri zaidi. Ukiiita SJS unamfungia mtoto dawa ambazo hazina kosa.

Mwanafunzi wa Zamu

Sawa mkuu. Na kadi yenyewe iandikwe nini anaporuhusiwa?

Dawa na Dozi

Jina halisi la dawa, siyo la kibiashara pekee. Tarehe ya kuanza dawa na tarehe ya dalili ya kwanza. Neno SJS au TEN na asilimia ya juu iliyofikiwa, siyo "aleji ya dawa". Kisha jamaa za dawa hiyo: aliyepatwa kwa karbamazepini asipewe fenitoini, fenobabito wala okskarbazepini. Aliyepatwa kwa kotrimoksazoli aepuke antibiotiki zote za sulfa. Furosemidi, dawa ya kukojoza, haimo kwenye katazo hilo, kemia yake ni tofauti. Na asipewe tena dawa hiyo hata kidogo "kujaribu".

Nesi wa Usiku

Ongeza tarehe ya kliniki ya macho. Wodini matone ya kulainisha hutiwa kila saa 2, na daktari wa macho anamwona ndani ya saa 24, si ngozi ikishapona. Utando unaounganisha kope na jicho huachanishwa mapema kabla haujawa kovu. Akitoka bila tarehe hiyo, kope zinaweza kujikunja ndani miezi baadaye, na kila akipepesa nywele zinakwaruza konea, yaani kioo cha mbele cha jicho.